Jumanne Yetu

Nyuma ya bili ya gesi Mwantumu anachora mistari.
Ratiba yake ya wodini, yangu ya basi, ya Salha ya dukani:
karatasi tatu juu ya meza ya jikoni
na siku moja tu, Jumanne ya tarehe kumi na tisa,
ambayo hakuna anayetakiwa popote.
Anaizungushia wino. Mara mbili.
Ya tatu karatasi inachanika.

Nani abebe nini? Nyumba inageuka bunge.
Salha atabeba mkeka, ila hataki uonekane,
basi uviringishwe ndani ya mfuko wa hema.
Hatibu ana mpira.
Kidawa ana bata. Yaani hana,
ila ameshawagawia mkate bata wa ziwani
ambao hajapata kuwaona, kila mmoja na jina lake.

Mama mkwe yuko sofani. Visa yake inaisha Septemba,
magoti yake yana maoni yake kuhusu vilima.
"Choo kiko wapi?" ndilo swali lake la kwanza,
na lina maana kuliko yote tuliyoandika.
"Na mtaniweka wapi, jua likipatikana?"
Likipatikana. Wiki tano tu Leeds, ameshajua kusema hivyo.

Salha anamwambia kuna nyumba ya vioo, joto kama kwetu,
vipepeo ndani, na migomba yenye kibao cha jina.
"Kiingilio?"
Anatajiwa. Anaipiga kwa shilingi, vidole vinamwishia.
"Nitoe pesa zote hizo nikautazame mgomba?
Huo mgomba wenyewe unanijua mimi?"
Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

"Tuondoke saa nne," nasema. Mwantumu anaandika: saa 4.
Hatibu anasoma, anakunja uso.
"Saa nne? Si tutakuwa tunarudi?"
Kazaliwa hapa huyu; siku yake huanza usiku wa manane.
Namwambia, mwanangu, siku huanza watu wakishaamka.
Anafikiri. Anaifuta 4, anaweka 10.
Bibi yake anamnyang'anya kalamu, anairudisha 4 pembeni,
na zinakaa hapo zote mbili
kama viatu vya bibi na vya mjukuu mlangoni.

Jumapili utabiri ulisema jua. Leo mvua, asilimia arobaini.
Mwantumu anaandika miavuli, chini yake mafuta ya kuzuia jua.
Hafuti kitu. Sambusa hamsini.
"Tuko sita," nasema.
"Na watakaosikia harufu?"

Mimi sikupewa cha kubeba.
"Wewe Roundhay unaijua," anasema, "utatuongoza."
Naitikia kwa kichwa.

Miaka sita naendesha namba kumi na mbili mpaka langoni pale.
Namjua mama wa mbwa watatu,
namjua mzee wa Jumatano na mashua yake ya kuchezea,
kaipakata mapajani kama kitoto kilicholala.
Nimeshusha maharusi, nimeshusha timu nzima na kocha wao,
watoto na maputo yaliyokwama mlangoni.
Nimewaambia, mwisho wa safari, angalieni msisahau vitu.
Nimekunywa chai yangu ya chupa, dakika saba,
nikaligeuza basi.
Ziwa sijaliona. Nasikia liko nyuma ya mteremko.

Sasa wamelala. Nimekaa gizani na ramani ya simu,
naipitisha kidole kama mtu wa mtihani:
choo hiki hapa, benchi, njia isiyo na ngazi,
mti mkubwa, sijui wa aina gani, utamfaa bibi.
Mara tatu napotea, mara tatu narudi langoni.

Kisha nachukua bili ya gesi.
Chini ya sambusa kuna nafasi kidogo.
Naandika kwa herufi ndogo, Mwantumu aione asubuhi:

Baba: ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa.
Asiulizwe njia mpaka tufike.